Mapigo Manane ya Kimya

Jumanne, tarehe 9 Desemba. Manyunyu asubuhi, kisha mawingu mazito yaliyotanda hadi jioni bila kunyesha. Hewa ya unyevu. Karatasi zilijikunja pembeni.

Siku za namna hiyo mashine za kutoa kopi huwa na kiburi. Mama Stensili alilijua hilo, kwa hiyo alikuwa ameziweka rimu mbili karibu na taa ya kaunta zipate joto kabla ya kuingia kwenye trei. Duka lake lilikuwa chumba chembamba kati ya famasi na fundi viatu. Lilikuwa na mashine mbili, kompyuta moja, kikatio cha karatasi chenye mkono mrefu, na ukutani tangazo alilolichapa mwenyewe: KAGUA KAZI YAKO KABLA YA KUONDOKA. Mtu akileta barua ya kuomba kazi, aliisoma yote kwanza, na akikuta tarehe ya kuzaliwa imeandikwa ya mwaka ujao, aliirudisha kwa mwenyewe bila kumcheka. Watu walisema angeweza kumwona sisimizi mweusi juu ya jiwe jeusi. Katika miaka yote ya kunakili nyimbo za kwaya, hakuna aliyewahi kumkamata na kosa.

Jina lilimganda tangu enzi za stensili, ile karatasi ya nta iliyochapwa kwa taipureta bila utepe, ikavishwa kwenye pipa la mashine ya mkono na kuzungushwa. Alianza kazi hiyo katika ofisi ya shule akiwa msichana. Stensili zilikwisha, taipureta zikaota kutu, jina likabaki. Sasa alikuwa na miaka hamsini na saba, miwani miwili shingoni, mmoja wa kusoma na mwingine wa kutafutia ule wa kusoma.

Saa nne hivi mwalimu wa kwaya aliingia akipangusa viatu mlangoni. Alikuwa kijana mwalimu wa hesabu, ambaye hata akipiga chafya ungedhani anahesabu.

"Shikamoo, Mama Stensili."

"Marahaba, mwalimu. Umelowa."

"Mimi nimelowa, kazi haijalowa." Akatoa bahasha ndani ya shati. "Kijitabu kimekamilika. Kurasa kumi na mbili. Nataka kigawiwe mlangoni asubuhi ya Krismasi."

Kanisa lao lilikuwa linatimiza miaka sitini, na kamati ilikuwa imemtuma aandike asili ya kila jambo wanalolifanya Krismasi. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kama mtu anayetafuta jibu la mlinganyo. Mama Stensili alivaa miwani ya kusoma na kuanza ukurasa wa kwanza, kwa kuwa hakuwa mtu wa kurukia katikati.

Alianza kufurahia mapema. Ukurasa wa pili ulieleza kwamba Maandiko hayataji tarehe ya kuzaliwa kwa Mtoto, na kwamba ishirini na tano Desemba ilikuja kushika karne kadhaa baadaye. Ukurasa wa tatu ulisimulia jinsi, miaka mia nane iliyopita, mtawa mmoja alivyoweka hori la nyasi na kuleta ng'ombe na punda wa kweli kando yake ili watu wauone umaskini wa usiku ule kwa macho yao. Wa nne ulisema mamajusi hawakuhesabiwa popote. Watatu walitokana na zawadi kuwa tatu. Wa tano ulihusu kadi. Kumbe moja ya kadi za kwanza kabisa ilichapwa kwa sababu bwana mmoja alikuwa na barua nyingi za kujibu na muda hana.

"Huyu angekuwa mteja wangu," alisema.

"Nilijua utampenda."

Baada ya hapo zilifuata habari za kanisa lao wenyewe. Mti wao wa kwanza ulikuwa tawi lililokatwa kwenye ua wa jirani bila ruhusa. Jirani alikuja kulidai katikati ya ibada, akapewa kiti cha mbele, na hakuondoka tena. Nyota ya kwanza ilikuwa kifuniko cha bati la biskuti. Mishumaa ilitumika miaka kumi na minne, mpaka pazia liliposhika moto wakati wa somo la pili. Tangu hapo ni tochi. Mama Stensili alisahihisha koma mbili, akafunua ukurasa wa kumi na moja, na mkono wake ukasimama.

Juu yake paliandikwa: *Kimya Chetu.*

Kimya hicho ndicho kilichowafanya watu wa makanisa mengine waje kusali kwao siku ya Krismasi. Katika wimbo mkuu, baada ya ubeti wa tatu, kwaya hukata ghafla. Kwa mapigo manane hakuna anayeimba, anayekohoa wala anayegeuza karatasi. Wazee hufumba macho, wazazi huwashika watoto mikono, hata mpiga kinanda huinua vidole hewani. Kisha ubeti wa nne huingia kwa sauti zote nne, na watu hujikuta wanafuta machozi wasiyojua yametoka wapi.

"Hiki ndicho nilichohangaika nacho zaidi," alisema mwalimu. "Asili yake nimeambiwa tatu. Wengine wanasema mapigo manane ni zile nafsi nane za safinani. Mchungaji aliyepita alihubiri kwamba ni pumzi za kwanza za Mtoto. Mimi nimechukua ya tatu, ndiyo ya kale zaidi. Waamini wa mwanzo walikuwa wakijificha mapangoni, wakikatiza wimbo kusikiliza kama askari wanapita. Waasisi wetu wakairithi. Na Bibi Besi, mkongwe wa kwaya, amethibitisha. Nimemtaja hapo chini."

Mama Stensili alisoma mara ya pili, ingawa hakukuwa na koma ya kusahihisha.

"Niachie," alisema. "Nitakikagua chote ndipo nichape."

"Kagua hata mara kumi. Ukishapitisha wewe, mama, mimi nalala usingizi."

Alitoka. Mashine kubwa ikalalamika kwamba karatasi imekwama, na kwa mara ya kwanza tangu ainunue, mwenyewe hakuisikia.

*

Mume wake alikuwa chini ya sinki la jikoni anafunga bomba alipoingia na kukaa bila kuvua viatu. Mzee huyo alikuwa amesoma mita za maji kwa miaka thelathini, na hata baada ya kustaafu watu walimwita Msoma Mita. Alijua kitu kinapovuja kabla hakijaanza kudondoka.

"Sema," alisema kutoka chini kule.

"Nani kakwambia nina la kusema?"

"Umekaa na viatu. Mara ya mwisho ulikaa hivyo binti yako alipotuletea mchumba mwenye pikipiki."

Mama Stensili alikwenda chumbani na kurudi na faili la kijani. Ndani yake, kwa mpangilio wa miaka, mlikuwa na kila wimbo aliowahi kuunakili. Alichomoa barua iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani, na kuanza kumweleza jambo ambalo katika ndoa ya miaka thelathini na mitatu hakuwahi kumweleza.

Krismasi moja, mwaka mmoja kabla hawajaoana, mwalimu wa kwaya wa wakati ule alihamishwa kikazi mwezi wa Novemba. Aliahidi kuwatumia wimbo mpya alioutunga yeye, na wimbo ukafika siku nne kabla ya sikukuu, bahasha imelowa chapachapa. Wino ulikuwa umechuruzika. Katika ukurasa wa mwisho, baada ya ubeti wa tatu, vipimo viwili vya mapigo manne manne vilikuwa doa la buluu tu.

Nota za kwaya yao huandikwa kwa herufi. Sauti ikishikiliwa, huwekwa kistari. Mahali pakiachwa wazi, maana yake ni nyamaza. Msichana aliyepewa kazi ya kuhamisha wimbo kwenye stensili alilijua hilo kama anavyojua njia ya kwao. Lakini hakupenda kubuni nota za mtu. Aliacha vile vipimo viwili wazi kwa muda, akamwandikia mwalimu kumuuliza, akaipeleka barua posta siku hiyohiyo. Kisha shule ikataka ripoti za wanafunzi mia mbili, na alipokuja kukumbuka, nakala arobaini zilikuwa zimekwisha kuzungushwa na kugawiwa.

"Ungesema," alisema Msoma Mita. Alikuwa ametoka chini ya sinki, amekaa sakafuni na spana mapajani.

"Nilitaka kusema. Tulikuwa na zoezi moja tu. Yule fundi cherehani aliyeshika nafasi ya mwalimu alifika pale, akahesabu mapigo manane kwa mkono, akasema, 'Mnaona? Hapa tunanyamaza. Huyu mtunzi ni mtu wa hekima.' Halafu akanigeukia mbele ya watu wote, akasema hajaona nakala safi kama ile maishani mwake. Mimi ndiye niliyekuwa mdogo kuliko wote kwenye alto."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Nikasema nitarekebisha mwakani. Sikukuu ikapita, watu wakaja kutushika mikono na kulia. Mwanamke mmoja aliyefiwa mwaka ule akaniambia ni mara ya kwanza amepumua. Nimwambie nini? Kwamba nilisahau?"

"Na barua hii?"

"Ndilo jibu. Lilifika Januari."

Msoma Mita alifuta mikono kwa kitambaa na kuifunua. Ilikuwa fupi. Mwalimu alitoa pole kwa mvua, akauliza hali ya kwaya, kisha akaeleza kwamba pale palipofutika sauti zote zinaiga tarumbeta kubwa: pum-pa, pum-pa, mara nne. *Nilikuwa nimeishiwa maneno,* aliandika, *nikaona nijaze hivyo.*

Alisoma tena. Mabega yakaanza kutikisika.

"Usicheke."

"Sicheki."

"Unacheka, mzee."

"Pum-pa," alisema Msoma Mita, na hapo akashindwa kabisa, akajiegemeza kwenye sinki machozi yakimtoka. Alipotulia alisema, "Hebu ngoja. Mimi siku ile nilikuwa mgeni, nimekaa benchi la nyuma. Kanisa zima kimya, mtu mmoja tu kwenye alto akakohoa. Nikageuka nimwone ni nani, na hadi leo shingo haijarudi. Kumbe yule alikuwa anakohoa kwa hatia?"

"Kikohozi kilitoka chenyewe."

"Basi mimi nimeoa kosa la chapa. Na sirudishi."

Mama Stensili alicheka naye kidogo, lakini kicheko hakikufika mbali. Akamwonyesha ukurasa wa kumi na moja. Vijitabu mia tatu vitatoka kwenye mashine yake, alisema, kwa mkono wake, vikisema askari na mapango. Watoto watasoma, watawasimulia watoto wao. Akisema kweli, huenda watu wasinyamaze tena. Nani atafumba macho kwa ajili ya pum-pa? Na yeye mwenyewe, ambaye watu humletea hati za viwanja azikague, ataitwa nani?

"Mita haidanganyi," alisema Msoma Mita. "Wenye mita ndio hudanganya. Lakini mimi ni mume wa mkosaji, siwezi kuwa shahidi. Nenda kwa Bibi Besi. Si ametajwa?"

*

Bibi Besi alikuwa na miaka themanini na mitatu na sauti ya mwanamume mwenye afya. Tangu ujana wake hakuna mwalimu wa kwaya aliyefanikiwa kumhamishia alto. Siku hizi magoti yalimkataza kusimama na wenzake, akawa anaimba ameketi benchi la kwanza. Jumamosi ile Mama Stensili alimkuta barazani anashona vifungo vya joho la kwaya.

"Mwanangu, umekonda au umevaa nguo ya mtu?"

"Nina neno, bibi. Mwalimu ameandika kwamba wewe umethibitisha waasisi walikuwa wakinyamaza."

"Walikuwa wakinyamaza. Aliniuliza, nikamjibu."

"Kwenye wimbo?"

Bibi Besi aliuma uzi akaukata. "Hakuniuliza kwenye wimbo. Kaniuliza, 'Bibi, wazee walikuwa na desturi ya kimya?' Nikasema sana. Walikuwa wananyamaza wakila. Baba yangu ungeweza kukaa naye mezani mpaka sahani zikauke. Yule kijana akaandika, akaandika, akanishukuru, akaenda zake."

Mama Stensili alipiga moyo konde na kumweleza yote, tangu bahasha iliyolowa hadi barua ya Januari. Alieleza akiwa ameinamisha kichwa, akifuata kwa macho mstari wa vigae. Alipomaliza aliinua uso, akamkuta Bibi Besi amefumba macho, sindano hewani.

"Miaka thelathini na minne," alisema bibi huyo polepole. "Nimefumba macho miaka thelathini na minne kwa ajili ya pum-pa."

"Nisamehe, bibi."

"Na ilikuwa ya besi?"

"Ya sauti zote. Lakini besi ndiyo iliyoibeba."

"Umeniibia sehemu nzuri kuliko zote katika wimbo ule." Alisema hivyo bila kutabasamu, hata Mama Stensili akadhani amekasirika kweli. Kisha akamnyooshea mkono amsaidie kuinuka. "Usiniulize ufanye nini. Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo unalijua. Ila kama ni kusema, sema mapema. Sitaki nife na uongo niliosingiziwa, nikakutane na baba yangu anishike kwa hilo."

*

Mwalimu wa kwaya alipewa barua siku ya Jumanne, juu ya kaunta, mbele ya mteja aliyekuwa akisubiri kopi za kitambulisho mbele na nyuma. Aliisoma, akaigeuza, akasoma mgongo wake ambao haukuwa na kitu. Masikio yalimbadilika rangi.

"Kwa hiyo askari hawakupita."

"Hawakupita, mwanangu. Ilinyesha mvua tu. Na mimi sikusema."

"Lakini wewe hukosei."

"Ndivyo nilivyowaachia muamini."

Mwalimu alikaa kwenye kiti cha wateja. Mteja alichukua kitambulisho chake akaondoka. Hatimaye mwalimu alisema neno ambalo Mama Stensili alikuwa akiliogopa kuliko kuchekwa: "Basi tutarudisha. Kosa likijulikana hurekebishwa. Jumamosi tunaimba ilivyoandikwa."

Jumamosi, tarehe 20, watu ishirini na wanane walikusanyika kanisani saa kumi. Mama Stensili alisimama mbele yao akasema mwenyewe. Mwalimu alikuwa amejitolea kusema kwa niaba yake, akakataa. Alisema kwa sentensi nne. Kwanza walitazamana. Kisha tenor mmoja, fundi viatu jirani yake wa duka, akauliza, "Mama, ile hati yangu ya kiwanja uliyoikagua, hukuacha vipimo viwili?" na kicheko kikazunguka safu zote. Mama Stensili alicheka pia.

"Tulieni," alisema mwalimu. "Ubeti wa tatu, tunaunganisha na pum-pa, pum-pa, mara nne, tunaingia wa nne. Ni rahisi."

Haikuwa rahisi. Mara ya kwanza walifika pale, wote wakanyamaza. Mara ya pili besi wawili walisema pum, wakasikia wako peke yao, pa ikawafia mdomoni. Mara ya tatu soprano walichelewa, tenor wakawahi, na kwa jumla ikasikika kama mtu anayeshusha masanduku kwenye ngazi. Mara ya tano mpiga kinanda aliinua vidole hewani kwa mazoea, akajicheka mwenyewe. Mwalimu alifuta jasho.

"Kwa hesabu jibu ni hili," alisema. "Nyinyi ndio hamliwezi."

"Mwalimu, midomo imeshazoea," alisema soprano mmoja mnene, nesi wa zahanati, aliyekuwa amekwisha kuisoma rasimu ya kijitabu kutoka mwanzo hadi mwisho. "Na mimi nina swali. Ukurasa wa pili umesema tarehe ishirini na tano haimo kwenye Maandiko. Tunaifuta?"

"Hapana, lakini—"

"Wa nne umesema mamajusi hawakuhesabiwa. Wanangu wawili na wa dada yangu wameshashonewa taji. Nimtoe yupi?"

"Hilo ni tofauti."

"Tawi la jirani liliibwa, umeandika wewe. Mti turudishe?"

Hata mwalimu akacheka sasa. Alikaa kwenye ngazi ya madhabahu na karatasi zake, akafikiri kwa kalamu mdomoni. Alipoinuka aliamua mambo mawili. Kimya kitabaki. Ila ukurasa wa kumi na moja hautachapwa ulivyo, kwa sababu yeye haandiki jibu analojua ni kosa. Mama Stensili auandike upya mwenyewe.

"Na watu wakisoma, halafu siku yenyewe wakacheka?" aliuliza Mama Stensili.

"Hapo ndipo tutajua," alisema mwalimu, "kama kilikuwa kimya chao au cha askari."

Aliuandika Jumapili mchana mezani kwake, akaufuta, akauandika tena. Ulipotoka ulikuwa mfupi kuliko kurasa zote:

*Kimya chetu kina miaka thelathini na minne. Wimbo ulilowa na mvua njiani. Aliyeunakili aliacha vipimo viwili wazi ili aulize, akasahau, na alipokumbuka aliona haya kusema. Mtunzi alikuwa ameandika hapo: pum-pa, pum-pa, mara nne. Aliyekosea ndiye anayechapa kijitabu hiki. Anaomba radhi kwa kuchelewa kusema. Kuhusu yale mliyoyasikia ninyi katika kimya hicho, hakuyaandika yeye, wala hawezi kuyasahihisha.*

*

Asubuhi ya Krismasi jua lilitoka mapema. Vijitabu vilikuwa vimekwisha mlangoni kabla kengele haijalia. Kutoka safu ya alto Mama Stensili aliweza kuona kila kitu: watu wanafungua mwanzo, wanaruka, wanafika ukurasa wa kumi na moja. Aliona viwiko vikigusana. Aliona baba mmoja akimnong'oneza mkewe, na mke akiziba mdomo kwa kijitabu. Mchungaji mwenyewe, kwenye kiti chake, alisoma, akakifunga, akatazama dari kwa muda mrefu. Msoma Mita alikuwa benchi la nyuma, kama siku ile ya kwanza, lakini safari hii hakumtazama. Alijua akimtazama watacheka.

Wimbo ulianza vizuri. Ubeti wa kwanza, wa pili. Viganja vya Mama Stensili vilikuwa vimelowa hata karatasi ikalegea. Ubeti wa tatu ulipanda, ukafika mwisho, na mwalimu akafunga ngumi.

Wakanyamaza.

Pigo la kwanza, la pili. Mwalimu alikuwa akihesabu kwa kidole kimoja kando ya suruali. Kwenye pigo la tatu Mama Stensili aliona mabega ya safu nzima ya vijana yakitikisika, mmoja ameuma kola. Akajisemea moyoni: kimekufa, nimekiua mimi. Pigo la nne. Kijana mmoja alivuta pumzi ili acheke, akaishikilia. Na kitu kikabadilika. Labda ni kwa sababu mbele yake mama mmoja alikuwa amekwisha kumshika mwanawe mkono kama kila mwaka, hana habari na mtu. Mabega yakatulia. Wazee walikuwa wamefumba macho. Kila mmoja mle ndani sasa alijua hakuna askari nje wala pango, na bado hakuna aliyegeuza karatasi.

La tano, la sita.

Ndipo kutoka benchi la kwanza, kwa sauti nzito, taratibu, ya mtu anayedai kilicho chake, ikasikika:

"Pum-pa. Pum-pa."

Kanisa lililipuka. Walicheka wazee, alicheka mchungaji hadi akavua miwani, vijana waliokuwa wamejizuia wakaegemeana. Mwalimu, ambaye hesabu ilimkaa damuni, hakupoteza pigo: alifungua ngumi, na ubeti wa nne ukaingia juu ya kicheko chenyewe, soprano wakiimba na machozi, tenor wakiimba na meno nje. Bibi Besi aliimba ameinua kidevu, mikono juu ya mkongojo wake, hamtazami yeyote.

Nje, baada ya ibada, watu walipanga mstari kumwamkia Mama Stensili kama vile yeye ndiye mwenye sherehe. Fundi viatu alimwambia ataileta hati ile tena waikague wote wawili. Mwanamke mmoja, nywele zimekuwa nyeupe sasa, alisubiri mpaka wengine wapite. Alikuwa yule aliyefiwa.

"Nimesoma," alisema. "Mwaka ule ungenipigia tarumbeta, ningetoka nje nisirudi." Akambana mkono, akaenda kumtafuta mjukuu wake.

Mwalimu alikuja wa mwisho, kalamu mkononi. "Mama, sasa nina tatizo. Mwakani watasubiri ile pum-pa. Nimewasikia watoto hapo uani, wanaifanya tayari. Kwenye nota tuandike nini?"

"Niachie," alisema Mama Stensili.

Kesho yake, Ijumaa, hapakuwa na wingu. Alifungua duka saa mbili, nusu mlango tu, kwa kuwa haikuwa siku ya wateja. Alichukua karatasi safi na rula, akaunakili wimbo upya kuanzia juu, sauti zote nne, kwa mkono. Alipofika kwenye vipimo viwili baada ya ubeti wa tatu, aliviacha wazi kwa soprano, kwa alto na kwa tenor. Kwa besi aliacha wazi mapigo sita. Katika mawili ya mwisho, mahali pa maneno, aliandika pum-pa, pum-pa kwa penseli, akaandika pembeni *hiari*. Alikagua mara tatu. Kisha akatoa kopi moja, akaikunja, akafunga mlango na kuipeleka kwa Bibi Besi aikague ndipo atoe nyingine.